Joint ndogo, hasara kubwa: vizibo vipya vya motere vinaomba nini kwa fundi

Gari inatoka Uvira kuelekea Bukavu. Kisha kupita Kamanyola inaanza kupanda Ngomo, abiria wamejaa na mizigo imefungwa juu. Mshale wa joto unapanda. Shofere anasimama, anangoja motere ipoe, anaongeza maji katika radiateri, anaendelea. Anafanya vile siku tatu. Siku ya nne, fundi anachomoa kijiti cha kupimia mafuta na kukuta mafuta imegeuka rangi ya kahawa yenye maziwa. Fundi hasemi mengi. Anasema tu: "Kulasi."

Hili neno linaogopesha wenye magari wote, kwa sababu linamaanisha kufungua motere, kupoteza siku nyingi za kazi na kulipa pesa ambayo haikupangwa. Lakini mara nyingi si kulasi yenyewe iliyoanza kuharibika. Kilichoanza ni kile kipande chembamba kilicholala kati ya kulasi na bloki ya motere, kile ambacho kila garaje inaita joint.

Kwa Kiswahili mtu anaweza kusema kizibo. Ni kitu kinachowekwa pale vipande viwili vinakutana, ili kilicho ndani kisitoke na kilicho inje kisiingie. Gari moja iko navyo vingi: kwenye kulasi, chini kwenye karteri, kwenye pompi ya maji, kwenye freni, kwenye magurudumu. Katika miaka 30 hivi iliyopita vizibo hivi vimebadilika sana. Mabadiliko hayo yamefika mpaka Goma, Bukavu, Butembo na Bunia ndani ya magari ya okazyo yanayotoka Japani na kwingine, bila mtu kuyatangaza. Shida iko hapo: magari yamebadilika, lakini katika garaje nyingi namna ya kuyafunga imebaki ile ya zamani.

Kipande chembamba, kazi tatu kwa mara moja

Kizibo cha kulasi kinafanya kazi ambayo hakuna kizibo kingine cha gari kinafanya. Kinazuia moto wa ndani ya silinda, kinazuia maji ya kupoza motere, na tena kinazuia mafuta, vyote vitatu vikipita karibu karibu bila kuchanganyika.

Gurudumu ya gari ndogo inajazwa hewa ya bari 2 hivi. Ndani ya silinda ya motere ya mazutu yenye turbo, wakati mafuta inawaka, nguvu inaweza kupita bari 150. Joto la ule moto linapita digrii 2000 kwa kitambo kidogo sana. Pembeni yake, kwa umbali wa milimita chache tu, kuna maji ambayo haifai kuchemka. Na vile motere inapata moto na kupoa kila siku, chuma kinapanuka na kurudi. Kulasi ya aluminyumu inapanuka zaidi kuliko bloki ya chuma kizito, basi vinasuguana na kizibo kiko katikati yao.

Kizibo kikishindwa mahali pamoja tu, dalili inategemea mahali hapo. Maji ikiingia katika mafuta, inatokea ile rangi ya kahawa. Maji ikiingia katika silinda, moshi mweupe unatoka nyuma bila kuisha. Moto ukiingia katika njia ya maji, povu linapanda katika radiateri na maji inatupwa inje.

Amianti, dawa ya zamani iliyogeuka sumu

Kwa miaka mingi, vizibo vya kulasi vilitengenezwa na amianti, jiwe lenye nyuzi ambalo haliungui. Kilikuwa kitu kizuri kwa motere: kilivumilia joto, tena kilikuwa laini, basi kilijaza mashimo madogo na mikwaruzo ya chuma. Fundi aliweza kusafisha kulasi kwa kisu na papiye emeri, kufunga buloni kwa nguvu ya mkono, na kazi ikakubali.

Lakini vumbi la amianti likiingia katika mapafu halitoki. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema aina zote za amianti zinaleta kansa, na ugonjwa unaweza kuonekana miaka 20 mpaka 40 kisha mtu kuvuta lile vumbi. Inchi za Umoja wa Ulaya zilifunga mlango kwa amianti mwaka 2005. Marekani ilichelewa: ni mwaka 2024 tu ndipo ilitoa amri dhidi ya aina ya mwisho iliyokuwa bado inatumiwa kule, na vizibo vilikuwa kati ya vitu vilivyotajwa.

Hii si habari ya mbali. Malori na mashine za zamani zingali zinafanya kazi katika majimbo ya mashariki, na kizibo cha zamani ao garniture za freni za zamani zinaweza kuwa na amianti. Fundi hawezi kujua kwa macho. Kwa hiyo ulinzi ni rahisi: kumwagia kizibo cha zamani maji mbele ya kukikwangua, kutopuliza vumbi la freni kwa kompresere ao kwa mdomo, na kufukuza watoto karibu na ile kazi.

Karatasi za chuma mahali pa amianti

Mahali pa amianti, watengenezaji wa motere walitafuta njia nyingine. Ile iliyoshinda, na iliyoenea katika magari mapya tangu miaka ya 1990, ni kizibo cha chuma cha tabaka nyingi. Ni karatasi tatu, nne ao tano za chuma kisichoshika kutu, zilizolaliana. Karatasi hizo ziko na mikunjo midogo kuzunguka kila tundu. Mikunjo hiyo inafanya kazi kama resori: kulasi ikiinuka kidogo sana juu ya nguvu ya moto, mkunjo unafuata, haubakizi nafasi. Juu ya chuma kunapakwa mpira mwembamba sana wa aina inayovumilia joto.

Kizibo hiki kinaishi miaka mingi, lakini hakisamehe. Amianti ilijaza mikwaruzo, chuma hakijazi. Kinaomba uso wa kulasi na wa bloki uwe laini sana, mikwaruzo yake ikiwa ya karibu mikroni moja, maana yake sehemu moja ya elfu ya milimita. Tena uso uwe umenyooka. Watengenezaji wengi hawakubali kulasi ya motere ya silinda nne ipinde kupita sehemu moja ya kumi ya milimita, na wengine wanaomba nusu ya hapo. Unywele wa mtu unakaribia unene huo.

Basi ile kazi ya kusugua kulasi kwa papiye emeri juu ya kidole, iliyofaa zamani, leo ndiyo inaharibu. Kidole kinachimba mabonde ambayo jicho halioni. Vumbi la emeri nalo linaingia katika njia za mafuta na kwenda kula vyuma vya ndani. Kulasi iliyochemka inaomba kupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka, na kama imepinda, kupelekwa kwa mashine ya kurektifia.

Kuna na mambo ya buloni. Katika motere nyingi za sasa, buloni za kulasi zinafungwa kwa kipimo cha nguvu, kisha zinazungushwa tena kwa digrii fulani. Wakati huo buloni inavutika kidogo kama resori, na ile kuvutika ndiyo inashika kizibo. Buloni ya namna hiyo ikifunguliwa imeshatoa nguvu yake. Mara nyingi inafaa kununua mpya. Wenye magari wanaona ni fundi anaongeza bei. Lakini kizibo kipya chini ya buloni zilizochoka kinaweza kuachilia kisha wiki chache, na safari hii kulasi inaweza kupasuka.

Wengine wanapaka silikone juu ya kizibo cha chuma "ili kishike vizuri". Kizibo hiki kinawekwa kikavu, isipokuwa pale ambapo mtengenezaji mwenyewe ameonyesha. Silikone inazuia karatasi kukaa sawasawa.

Mpira si mpira tu

Mwaka 1986, tarehe 28 mwezi wa kwanza, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilivunjika sekunde 73 kisha kuruka. Watu saba wote waliokuwa ndani walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kizibo cha mpira cha duara, kama zile toriki ambazo mafundi wanajua, kilikuwa kimekuwa kigumu juu ya baridi ya usiku ule, na hakikuziba moto wa roketi. Mwanasayansi Richard Feynman alionyesha jambo hilo mbele ya watu kwa kutia kipande cha ule mpira ndani ya kopo la maji ya barafu. Mpira ulikawia kurudi katika umbo lake. Kila mtu alielewa.

Somo linagusa hata gari ya kawaida: kila mpira umetengenezwa kwa joto fulani na kwa maji ao mafuta fulani. Mipira myeusi miwili inaweza kufanana kabisa kwa macho, lakini moja ikavumilia mafuta ya motere na nyingine ikavimba na kuharibika. Mpira wa kawaida wa vizibo vya mafuta unafanya kazi vizuri mpaka karibu digrii 100 ao 120. Ule wa fluori, ulioanza kuuzwa katika miaka ya 1950 na ambao leo uko katika motere nyingi, unafika digrii 200. Silikone pia inafika hapo, lakini inapasuka rahisi pale kuna msuguano.

Mahali pa hatari zaidi ni freni. Vizibo vya ndani ya freni ya maji vinatengenezwa na mpira unaokubali maji ya freni peke yake. Mpira huo na mafuta ya petroli ni maadui. Shofere aliyekosa maji ya freni katikati ya barabara, akatia kidogo mafuta ya motere ao ya direksyo, anaona freni inafanya kazi siku hiyo. Kisha vizibo vinavimba, pistoni zinakwama, ao pedale inashuka mpaka chini. Katika mteremko wa Ngomo ao kwenye milima ya kuzunguka Butembo, hilo si jambo la pesa tena. Ni maisha ya abiria. Na ikishatokea, kumwaga ile mafuta na kutia maji mapya ya freni haitoshi: vizibo vyote vilivyoguswa vinabadilishwa. Kusafisha vipande vya ndani ya freni kwa esansi kunaleta uharibifu ule ule.

Spi mpya, sheria mpya

Pale chuma kinazunguka na kutoka inje ya motere, kizibo chake kinaitwa spi. Zamani spi ilikuwa ya ngozi. Katika miaka ya 1930 wafundi wa Ujerumani waliiweka ngozi ndani ya duara la chuma pamoja na resori ndogo, kisha wakabadilisha ngozi kwa mpira. Ndiyo ile spi inayojulikana mpaka leo, na sheria yake kila fundi anaijua: kupaka mafuta kidogo kwenye mdomo wa mpira mbele ya kuingiza.

Leo motere nyingi ziko na spi ya teflon, ile ile inayopakwa katika sufuria ambazo chakula hakishiki. Haina resori, mdomo wake ni mpana na mgumu kidogo. Sheria yake inageuza ile ya zamani: inaingizwa kavu, bila mafuta, na chuma kikiwa safi. Teflon inafaa kwanza kuacha alama nyembamba juu ya chuma, na alama hiyo ndiyo inasaidia kuziba. Watengenezaji wengi wanaomba pia motere ingoje masaa kadhaa mbele ya kuwashwa. Fundi mwenye ujuzi wa miaka 20 anaweza kuipaka mafuta kwa nia njema na kuona inavuja siku ya pili. Mteja anasema kipande ni bandia. Pengine kipande ni kizuri, lakini kilifungwa kwa sheria ya kile cha zamani.

Kwenye magurudumu kuna jambo lingine la kushangaza. Katika magari mengi yenye ABS, kizibo cha rulema ya gurudumu kimetiwa sumaku ndani yake, kwa alama nyingi zinazofuatana. Kifaa kidogo cha pembeni kinasoma zile alama na kujua gurudumu inazunguka kwa kasi gani. Kwa macho, pande mbili za rulema zinafanana. Ikiingizwa kwa kugeuzwa, gari inatembea, lakini taa ya ABS inawaka na haizimiki. Wengine wanabadilisha kifaa, wengine wanakata waya ya taa, wakati kosa ni upande tu wa rulema.

Silikone na gundi isiyopenda hewa

Pengine kizibo hakinunuliwi kimekatwa tayari. Kinatoka katika tibi. Motere nyingi za sasa zinafunga karteri kwa silikone peke yake. Silikone inakauka kwa msaada wa unyevu wa hewa, na kukauka kabisa kunaomba karibu siku nzima. Kosa kubwa ni kupaka nyingi. Ile inayozidi inaminywa mpaka ndani, inakatika vipande, na vipande vinaziba kichujio cha pompi ya mafuta. Motere inakufa kwa kukosa mafuta, na karteri haijavuja hata tone.

Gundi nyingine inafanya kinyume. Ilipatikana Marekani mwaka 1953 na mwalimu wa kemia, Vernon Krieble. Inabaki maji maji ikiwa na hewa, na inakauka pale tu hewa imekosa na kuna chuma, yaani kati ya vipande viwili vilivyobanwa. Ndiyo sababu chupa yake haijazwe mpaka juu: hewa iliyomo inailinda. Inafaa kwa vyuma vigumu vinavyokutana karibu sana, haifai kwa karteri ya bati jembamba inayocheza. Kuchagua kati ya hizo mbili kwa kuangalia rangi ya tibi tu ni kucheza bahati nasibu.

Hata pompi ya maji ya nyumbani

Vizibo hivi haviko katika magari peke yake. Pompi kubwa za maji, mashine za umeme kwenye mito, na pompi ndogo za nyumbani zote ziko na chuma kinachozunguka na maji isiyofaa kupita. Njia ya zamani ni kamba iliyosukwa na kupakwa girisi, inayobanwa kuzunguka chuma. Ile kamba inapaswa kudondosha maji kidogo ili ipoe. Anayeibana mpaka tone la mwisho anaiunguza.

Njia ya sasa ni pete mbili zilizolainishwa sana, moja ikizunguka juu ya nyingine, na katikati yao maji nyembamba isiyoonekana. Viwanda vya inchi za inje vimeanza kuchonga kwa laser vishimo vidogo sana juu ya pete hizo, ili vishike maji na kupunguza msuguano. Katika mashine kubwa za gesi, pete zinachongwa mifereji inayozifanya zielee kabisa juu ya gesi, bila kugusana.

Kwa mwenye pompi ya kuvuta maji ya kisima ao ya ziwa, jambo la kushika ni moja: haifai kuwashwa bila maji. Zile pete zinapoteza maji yao, zinapata moto haraka na kupasuka. Pompi inaanza kuvuja, maji inafika kwenye rulema, halafu mpaka kwenye motere ya umeme.

Mbele ya kulipa

Mwenye gari hana lazima ya kujua kila kitu. Maswali machache yanatosha. Kizibo hiki ni cha motere hii kwa nambari yake, ao ni "inafanana"? Kulasi imepimwa kwa rula, na ilipatikana imepinda kiasi gani? Buloni zimebadilishwa? Spi ni ya mpira ao ya teflon? Silikone itangoja muda gani? Fundi anayejua kazi yake hachukizwi na maswali hayo. Yanamsaidia kueleza kwa nini bei iko vile iko. Vipimo vya kufunga vinapatikana katika kitabu cha motere, na kizibo cha kampuni nzuri mara nyingi kinakuja na karatasi ya maelezo ambayo inatupwa pamoja na mfuko.

Na kwa shofere aliye katikati ya Ngomo, mshale ukipanda: kusimama mara moja, kuzima motere, kungoja ipoe kabisa. Kifuniko cha radiateri hakifunguliwi motere ikiwa na moto, sababu maji inaruka na kuunguza uso. Ikishapoa, kuongeza maji kunasaidia kufika garaje ya karibu, si kumaliza wiki. Motere iliyochemka mara moja na kuangaliwa siku ile inaweza kuponea kwa kubadilisha tuyo ao kifuniko. Ile iliyosukumwa siku tatu inalipwa na kulasi.